Shajara ya mradi: kutoka bao la komwe hadi bao la kwenye skrini

Hali ya mradi

Klabu inakutana alasiri mbili kwa juma, dakika 90 kila kipindi, kwa watoto 24 wa darasa la tano na la sita katika shule ya msingi mjini Tanga. Vifaa vilivyopo: kompyuta mpakato 8 za mitumba zenye RAM ya GB 4, flashi 4, ekstensheni 2, chaki, maboksi matupu ya kukatia kadi, na mbao za bao. Darasani hakuna intaneti, na ratiba yote imepangwa kana kwamba haitakuja.

Lengo ni kila kundi la watoto watatu litengeneze bao kwenye Scratch (programu ya kutungia programu kwa kupanga bloku, yaani vipande vya maagizo, kwenye skrini), linalofuata kanuni za bao la kujifunza, kisha liitetee programu yake mbele ya wenzao wanaotaka kuiangusha. Bao halikuwekwa kwa ajili ya kupamba utamaduni. Mtoto anayecheza bao tayari anarudia, anapima masharti na anahesabu kwa kuzunguka, ila anafanya hayo yote kwa vidole. Kilichobaki ni kuyasema bila kuacha mwanya, na hapo ndipo mashindano yanaposaidia, maana mpinzani hakubali jibu la "si unaona tu".

Wiki ya 1 na ya 2: kompyuta zimo kabatini

Kompyuta hazikutolewa kwanza, kwa makusudi. Zikitoka siku ya kwanza, mtoto aliyewahi kushika simu ya mzazi ndiye anayeshika kipanya, wengine wanakuwa watazamaji hadi mwisho wa muhula. Michezo ya uwanjani inawaweka wote mstari mmoja. Mingi tuliyotumia inatoka kwenye ile mikusanyo ya Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows, iliyoanzia Nyuzilandi miaka ya 1990 na inayofundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta.

Mchezo uliochukua muda mrefu kuliko yote ni wa roboti. Chora kwa chaki miraba 6 kwa 6, kila mmoja sentimita 40, weka matofali 5 kama vizuizi na kofia kama hazina. Kila kundi lina kadi 20 za MBELE, 8 za KULIA na 8 za KUSHOTO. Mtoto mmoja ni roboti. Wawili wanapanga kadi.

Mambo mawili huharibika, na huharibika karibu kila mara. La kwanza, roboti anasaidia. Anaijua hazina ilipo, kwa hiyo kadi ikikosekana anajiongeza hatua mwenyewe, na kundi linaamini mpango wake uko sawa. Dawa: roboti akae nje mpaka kadi zipangwe, kisha asomewe na mtoto wa kundi jingine. Msomaji mpinzani hana huruma, na anasoma kilichoandikwa tu. La pili ni kulia na kushoto. Anayepanga akiwa amemkabili roboti, mkono wake wa kulia ni wa kushoto kwa mwenzake. Hapa maelezo hayafui dafu; mpangaji asimame nyuma ya roboti na ageuke naye kila anapogeuka. Baada ya vipindi viwili wanaanza kugeuza kadi mkononi badala ya kugeuza mwili, na huo ndio wakati wa kuwahamisha kwenye uwanja mgumu zaidi.

Alama: 10 kwa kufika, toa 1 kwa kila kadi inayozidi idadi ndogo kabisa inayowezekana. Kipindi cha pili inaingia kadi mpya, RUDIA, yenye nafasi ya kuandika namba. MBELE nne mfululizo ni kadi 4. RUDIA 4 na MBELE moja ni kadi 2. Hakuna haja ya kueleza faida ya kitanzi, yaani agizo la kurudia. Alama zinaeleza.

Mchezo wa kubahatisha namba kati ya 1 na 100 ulichezwa kwa maswali ya ndiyo au hapana. Wengi huanza na "Ni 37?" kwa matumaini ya bahati. Weka sharti la maswali 7 tu. Ndani ya raundi chache mtu anagundua "Inazidi 50?", na wengine wanamwiga. Saba inatosha kwa sababu kila swali la namna hiyo hukata nusu, na 2 ikizidishwa yenyewe mara saba inafika 128, zaidi ya 100.

Kadi za nukta 16, 8, 4, 2 na 1 kwa ajili ya namba za mfumo wa jozi (zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu) zilichukua nusu kipindi tu. Mtandao wa kupanga namba uliochorwa chini kwa watoto 6, wenye vituo 12 vya kulinganisha, ulipendwa sana lakini haukuingia kwenye kazi ya bao, basi hatukuurudia.

Wiki ya 3: shindano la kwanza, la karatasi

Mfano wetu ni Bebras, shindano lililoanzia Lithuania mwaka 2004 kwa juhudi za Valentina Dagienė. Sifa yake kubwa ni kwamba swali halidai ujuzi wa kompyuta uliosomwa kabla. Linadai kufikiri, na kwa kawaida hutatulika kwa dakika chache. Maswali tulitunga wenyewe, 9 kwa dakika 40: matatu rahisi, matatu ya kati, matatu magumu, kila moja na majibu manne ya kuchagua.

Alama ni 6, 9 na 12. Jibu baya linakatwa theluthi: 2, 3 na 4. Swali lililoachwa wazi halipati wala halikatwi. Theluthi haikuchukuliwa hivihivi. Anayebahatisha kati ya majibu manne anapata mara moja katika nne na kukosa mara tatu. Robo ya 6 ni moja na nusu, na robo tatu za 2 nazo ni moja na nusu. Kubahatisha hakumwongezei wala hakumpunguzii. Kwa kuwa mtoto mwenye alama hasi hukata tamaa, kila mmoja anaanza na akiba ya 27, ambayo ndiyo hasara kubwa kabisa inayowezekana. Hivyo wa chini kabisa anapata 0 na wa juu kabisa 108.

Swali lililozua mjadala mkubwa:

*Kikaango kinabeba chapati 2 kwa wakati mmoja. Upande mmoja wa chapati unaiva kwa dakika 1. Chapati 3 zitaiva pande zote mbili kwa muda gani mfupi kabisa?*

Wengi walijibu dakika 4: mbili kwanza, kisha ile ya tatu peke yake. Jibu ni 3. Dakika ya kwanza, A na B upande wa kwanza. Dakika ya pili, A inageuzwa, B inatolewa, C inaingia. Dakika ya tatu, B inarudi kwa upande wa pili na C inageuzwa. Kikaango hakikai na nafasi tupu hata mara moja: kuna pande 6 za kuiva na nafasi 2, basi chini ya dakika 3 haiwezekani.

Pingamizi likatoka dawati la nyuma: "Madam, hiyo haijatiwa mafuta. Chapati inageuzwa mara ya kwanza kavu, halafu ndiyo mafuta huku na huku." Ana haki. Swali la aina hii lazima liutaje ulimwengu wake wote, la sivyo mtoto mwenye ujuzi wa jikoni anaadhibiwa kwa kujua mengi. Sasa swali linaanza na "Katika mchezo huu". Na somo hilohilo lilifaa kwa bao: kanuni za mtaa mmoja si za mtaa wa pili, kwa hiyo kila kundi liandike kanuni zake kabla ya kugusa kompyuta.

Usahihishaji hufanyika palepale, na kila jibu la swali gumu lazima mtoto mmoja alionyeshe ubaoni kwa vitu. Bila hatua hiyo, shindano linabaki mtihani tu.

Wiki ya 4: mashine

Scratch, iliyotoka MIT mwaka 2007, ina toleo la kusakinisha lisilohitaji intaneti. Lilipakuliwa mara moja, likawekwa kwenye flashi, likasakinishwa kwenye mashine zote 8. Ina Kiswahili, kichague kwenye menyu ya lugha kabla watoto hawajakaa.

Tahadhari tatu, kwa mpangilio wa hasara zinazoleta.

Toleo la nje ya mtandao halihifadhi kazi lenyewe. Umeme ukikatika na betri za mitumba zikiwa zimechoka, kazi ya saa nzima imekwenda. Kengele inapigwa kila dakika 7: hifadhi, kisha badilishaneni viti. Vitu viwili vikifungwa kwa kengele moja, havisahauliki.

Flashi zinatembea na virusi. Dalili ni ileile inayojulikana kila stesheneri: mafaili yamegeuka njia za mkato na folda halisi imefichwa. Flashi za klabu hazitoki nje ya darasa, na za watoto haziingii.

Majina ya mafaili. Mafaili manane yote yakiitwa "bao.sb3", kunakili kutoka mashine moja hadi nyingine kunafuta kazi ya mtu. Jina liwe na namba ya kundi na namba ya toleo: k3-bao-05. Toleo la zamani lisifutwe, maana ndilo la kurudia pale jipya linapokataa.

Viti ni vitatu. Dereva anashika kipanya na kibodi, lakini haamui kitu. Konda ndiye anayesema nini kifanyike. Mkaguzi ana bao halisi mbele yake na komwe zake, anafuata kwa mkono kila kinachodaiwa na skrini. Dereva akianza kuendesha kwa akili yake, konda ana haki ya kupaza "Shusha!" na wanabadilishana kabla ya kengele. Utani huo umefanya kazi kuliko kanuni yoyote ya nidhamu iliyobandikwa ukutani.

Kwa makundi yasiyo na ubao wa bao: trei ya mayai ya 30 ina vikombe 5 kwa 6. Kata kipande cha 4 kwa 4 kutoka trei moja, kingine kutoka ya pili, viunganishe kwa gundi upate 4 kwa 8. Komwe zikikosekana, maharage yanatosha: 64 kwa kila bao, na yahesabiwe kabla na baada ya kipindi.

Wiki ya 5 na ya 6: kusambaza kete

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Bao la kujifunza linaanza na kete 2 katika kila shimo: mashimo 32, kete 64, upande mmoja una mashimo 16 na kete 32. Kete zote zimo ubaoni tangu mwanzo, hakuna za ghala wala nyumba ya kuilinda kama kwenye bao kamili. Kwa awamu hii upande mmoja tu ndio unaoshughulikiwa, bila kula. Chukua kete za shimo, zisambaze moja moja kwa mashimo yanayofuata. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, zibebe zote uendelee. Ikiangukia shimo tupu, umelala.

Kabla ya Scratch, kila kundi liliandika kanuni hiyo kwa vigeu viwili (majina yanayobeba namba inayobadilika), *shimo* na *mkono*, na orodha moja ya namba 16. Baada ya mabishano, maandishi yaliyosimama ni haya:

1. Weka *shimo* kwenye namba ya shimo la kuanzia.
2. Weka *mkono* uwe idadi iliyomo shimoni.
3. Idadi ya shimo hilo iwe 0.
4. Rudia mara *mkono*: *shimo* liongezwe 1, likifika 17 liwe 1, ongeza kete 1 humo.
5. Idadi ya shimo la mwisho ikizidi 1, rudi hatua ya 2. Ikiwa 1, lala.

Makundi ya mbele walionyeshwa njia ya salio, (*shimo* mod 16) + 1, ambapo mod ni salio la kugawanya kwa 16. Waliobaki na "ikifika 17 iwe 1" hawakulazimishwa kubadili. Inasomeka vizuri zaidi.

Kipimo cha kwanza kwa kila programu: mashimo yote 2, anzia shimo la 1. Jibu sahihi linajulikana. Shimo la 1 linatoa 2, ya mwisho inaangukia la 3, ambalo sasa lina 3. Zinabebwa, zinafika la 6. Kutoka hapo la 9, la 12, la 15. La 15 linatoa 3 zinazoingia la 16, la 1 na la 2. La 2 lina 4, zinabebwa, na ya mwisho inaangukia la 6, ambalo lilishabebwa na liko tupu. Kulala. Jumla ni mbebo 7 (mara za kubeba kete) na kete 21 zilizosambazwa, na ubao unabaki hivi kuanzia shimo la 1: 1, 0, 1, 4, 4, 1, 3, 3, 0, 3, 3, 0, 3, 3, 0, 3. Ukijumlisha unapata 32.

Mkaguzi ana namba hizo kwenye karatasi. Skrini isipozionyesha zote 16, programu haijapita, hata kama inapendeza.

Makosa tuliyoyaona yanarudi kwa sura zilezile, na kila moja lina alama yake:

*Jumla imepanda hadi 34 baada ya mbebo wa kwanza.* Hatua ya 3 imerukwa. Kete zimebebwa lakini shimo halikufutwa.

*Haiachi kuzunguka.* Sharti limeandikwa "idadi ikizidi 0". Mtoto anafikiria shimo lilivyokuwa kabla ya kete yake kuanguka. Kompyuta inapima baada ya kuanguka, na wakati huo shimo hilo haliwezi kuwa na 0. Hili ndilo kosa linalofundisha kuliko yote, kwa sababu fikra ya mtoto haina kasoro, ila wakati wa kupima ndio umepishana. Wape nafasi ya kuligundua kwa komwe. Mkaguzi akitia kete kisha akauliza "humu mna ngapi sasa?", kundi zima linaguna.

*Jumla imeshuka hadi 30.* Sababu ni mbili tofauti, na hapa ndipo wanapojifunza kwamba alama moja haitoshi. Ikiwa imeshuka papo hapo na hakuna kete iliyosambazwa, basi shimo limefutwa kabla *mkono* haujasoma idadi, na "rudia mara 0" haifanyi kitu. Ikiwa imeshuka mwishoni baada ya mbebo 6, kurudi kutoka 16 hadi 1 kumesahauliwa: kete mbili zimetiwa shimo la 17 na la 18. Scratch haitoi onyo lolote. Ukiiambia ibadilishe kipengele cha 17 katika orodha ya 16, inanyamaza na kuendelea.

*Jumla ni 32 lakini mashimo hayafanani na karatasi.* Kete ya kwanza imetiwa kwenye shimo lilelile lililobebwa. Kosa hili linapita kipimo cha jumla kwa raha kabisa. Ndiyo maana karatasi ya mkaguzi ina namba zote 16, si jumla peke yake.

Makundi yaliyopita yalipewa mbao nyingine za kutabiri kwa mkono kabla ya kubonyeza bendera ya kijani inayoanzisha programu. Kete 3 kila shimo: inalala shimo la 4 baada ya mbebo 5. Kete 4 kila shimo: inalala la 10, pia baada ya mbebo 5. Utabiri sahihi alama 9, utabiri mbaya unakatwa 3, kukaa kimya 0, kama kwenye karatasi ya wiki ya 3.

Kete 1 kila shimo ilileta zogo. Kwa kuhesabu mkononi, inalala shimo la 2 baada ya mbebo 9. Baadhi ya programu hazikusogea hata kidogo, kwa sababu zimejengwa kwa "rudia hadi idadi iwe 1", na sharti hilo hupimwa kabla ya kuanza. Nani yuko sahihi? Kwenye bao huruhusiwi kuanza na shimo lenye kete moja. Programu iliyogoma ilikuwa inafuata kanuni ambayo waandishi wake hawakuiandika. Mwamuzi aliipa pointi.

Weka kikomo pia: kigeu kinachohesabu mbebo, kikifika 300 programu isimame. Mizunguko isiyokwisha si kosa la kompyuta tu. Wachezaji wa bao wanajua kuna hali za ubao ambapo mchezo hauishi.

Kwa kasi, subira ya sekunde 0.3 kati ya kete na kete inatosha. Kete 21 zinachukua sekunde 6 na kidogo, mkaguzi anaweza kufuata kwa macho. Bila subira kila kitu kinatokea kwa kufumba na kufumbua, na kosa linajificha.

Wiki ya 7: kuonekana, kisha kula

Jukwaa la Scratch ni nukta 480 kwa 360. Mashimo 8 kwa umbali wa nukta 50 yanaanzia x = -175 hadi 175, na safu nne zinakaa y = 90, 30, -30 na -90. Safu ya mbele inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto. Ya nyuma inahesabiwa 9 hadi 16 kutoka *kulia* kurudi kushoto, kwa sababu kete inapinda kona. Watoto wengi huhesabu ya nyuma kutoka kushoto pia, kisha kete inaonekana kuruka kutoka pembe moja ya ubao hadi nyingine. Orodha iko sawa, picha ndiyo mbaya. Inafaa waone tofauti hiyo.

Kila shimo ni nakala ya mhusika mmoja (picha inayoamriwa na bloku), jumla nakala 32. Scratch inaruhusu 300, kwa hiyo hata kuchora kete zote 64 kungewezekana, ingawa mashine za GB 4 zinaanza kukokota. Kigeu cha namba ya shimo lazima kiundwe "kwa mhusika huyu pekee". Kikiundwa kwa wahusika wote, mashimo yote 32 yanaonyesha idadi ya shimo moja. Ukiona namba ileile ubaoni kote, usitafute kwingine.

Kula kunahitaji orodha ya pili kwa ajili ya mpinzani. Kila mchezaji anahesabu safu yake ya mbele kutoka kushoto kwake mwenyewe, basi shimo langu la *k* linatazamana na shimo lake la 9 − *k*. Usiwape fomula hii. Wakae wawili wakikabiliana, kila mmoja aweke kidole kwenye shimo lake la 3, waone vidole havitazamani, kisha waandike jozi zote nane. Fomula inatoka yenyewe: kila jozi inajumlika 9.

Kanuni iliyoingizwa: kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo linalotazamana nalo lina kete, zile za mpinzani zinaliwa na kusambazwa kuanzia kichwa. Kwa sasa mwelekeo ni mmoja, saa inavyokwenda, hivyo kichwa ni shimo la 1. Kipimo: ubao mpya, anzia shimo la 1. Kete ya mwisho inafika la 3, zinaliwa 2 za shimo la 6 la mpinzani, zinaingia la 1 na la 2. Kete ya mwisho iko la 2, linatazamana na la 7 la mpinzani; zinaliwa 2 nyingine. Jumla ya orodha zote mbili ibaki 64 kila hatua. Kosa linalorudi ni kusambaza zilizoliwa kuanzia shimo la 2, kwa sababu bloku ya kusambaza huongeza 1 kabla ya kutia kete. Kabla ya kuiita, weka *shimo* kwenye 16, na kete ya kwanza itaangukia kichwani. Vinginevyo itabidi bloku mbili zinazofanana kasoro kidogo, na hapo makosa huzaana.

Kutakata hakumo. Kanuni kwamba usipokula kwenye msambazo wa kwanza huli tena zamu hiyo inahitaji kigeu cha kukumbuka, na ni makundi mawili tu yaliyo tayari nayo.

Wiki ya 8: shindano la kuvunja

Shindano la mwisho halikupima nani ana programu nzuri. Kila kundi lilichukua programu yake inayopita vipimo, likaiharibu mahali pamoja tu, likaiandika kwa jina jipya na kuikabidhi kwa kundi jingine. Dakika 12 kwa kila programu.

Alama: 6 kwa kutaja dalili kwa usahihi ("jumla inashuka baada ya mbebo wa sita", si "haifanyi kazi"), 9 kwa kueleza sababu kabla ya kugusa bloku yoyote, 12 kwa kurekebisha. Maelezo yasiyo sahihi yanakatwa 3. Kundi lililoharibu linapata 9 kosa lake lisipopatikana, lakini likipatikana na mwamuzi akaona ni uharibifu wa zaidi ya mahali pamoja, linapoteza zote.

Sharti la kueleza kabla ya kugusa ndilo lililobadilisha sura ya shindano. Bila hilo, watoto huhamisha bloku kwa kubahatisha hadi iende. Nalo, konda anaomba mbao, mkaguzi anahesabu, na dereva anakaa mikono mapajani. Mwamuzi asikilize kwa sikio kali: "kwa sababu imekosewa" si maelezo.

Kosa lililoshinda makundi mengi lilikuwa dogo sana: sharti la kulala limebadilishwa kutoka "ikizidi 1" hadi "ikizidi 2". Ubao mpya wa kete 2 unapita kipimo chote bila dosari, kwa kuwa kila shimo linalobebwa baada ya la kwanza lina 3 au 4. Unahitaji ubao wenye shimo la kete 1 njiani ndipo lijitokeze. Kundi lililolipata lilikuwa limejitungia ubao wake wa majaribio: shimo la 1 kete 2, la 3 kete 1, mengine matupu. Sahihi, kete zinafika la 3, zinabebwa 2, zinalala la 5. Iliyoharibiwa inalala la 3.

Ubao huo umeongezwa kwenye karatasi ya mkaguzi kama kipimo cha nne.

Yanayofuata

Kinyume cha saa: kichwa kinahamia shimo la 8 na hatua ya 4 inatoa 1 badala ya kuongeza, likifika 0 liwe 16. Betri za mashine mbili hazishiki chaji na zitakaa karibu na ekstensheni. Makundi mawili yanaanza kutakata. Trei za mayai zimeshalainika kwa unyevu, zitabadilishwa kwa mashimo ya kuchimba uwanjani mpaka mvua zianze.